Akishakiri Muuaji, Kisha Nini?

Sauti ya taipureta ndiyo inayotangulia. Gari linakuja polepole chini ya jengo refu la Los Angeles, na huko juu ofisini mwanamume anagonga herufi za ukurasa wa mwisho wa riwaya ya upelelezi, hana habari kwamba dereva wa gari lile anakuja kumchukua akamuue. Ndivyo kinavyoanza "Murder by the Book", kipindi kilichorushwa na kituo cha NBC cha Marekani tarehe 15 Septemba 1971, cha kwanza katika msimu wa kwanza wa tamthilia ya polisi iitwayo Columbo. Aliyekiandika ni Steven Bochco. Aliyekiongoza ni kijana wa miaka 24 ambaye jina lake wakati huo halikumstua mtu: Steven Spielberg.

Kisa chenyewe hakina marefu. Ken Franklin na Jim Ferris wametoa pamoja vitabu vingi vya mpelelezi wa kubuni, Bi Melville, na vimewatajirisha wote wawili. Huo "pamoja" uko kwenye jalada tu. Jim ndiye aliyekuwa akiandika. Ken alivaa vizuri na kuongea na waandishi wa habari. Sasa Jim anataka kusimama peke yake. Ken anamshawishi waende kwenye nyumba yake ya mapumziko upande wa San Diego, anamwambia ampigie mkewe simu amweleze kuwa bado yuko kazini, na maneno yakiwa bado mdomoni anampiga risasi. Mke anawaapia polisi kwamba mumewe ameuawa ofisini, kwa sababu alimsikia kwa masikio yake mwenyewe. Ni ushahidi wa mtu mkweli, aliousema kwa nia safi, nao si kweli. Kuna mwenye duka, Lilly La Sanka, aliyemwona Jim ndani ya gari. Anaomba dola 15,000 anyamaze. Anaishia kupigwa chupa ya shampeni kichwani na kutupwa ziwani.

Luteni Columbo, yaani Peter Falk ndani ya koti lake la mvua lililokunjamana, anafanya yale ambayo angeyafanya kwa miaka mingi baadaye, katika vipindi 69 vilivyotoka kati ya 1968 na 2003. Anauliza mambo ya kipuuzi, anaaga, anafika mlangoni, anageuka kuuliza moja zaidi. Mwishoni anamwambia Ken neno linalomchoma kuliko pingu: mauaji ya kwanza yalipangwa kwa akili, ya pili yalifanywa ovyo, kwa hiyo yale ya kwanza hayawezi kuwa yametoka kichwani mwake. Na katika karatasi za Jim umekutwa mpango uleule, umeandikwa kama wazo la kitabu. Wakili wa kawaida tu angeipangua hoja hiyo asubuhi moja. Ken hasubiri wakili. Anakiri, na anachotaka kieleweke ni kwamba lile wazo lilikuwa lake, wazo zuri pekee alilowahi kulipata. Alimsimulia mwenzake zamani, hakudhani angeliweka kwenye karatasi.

Kesi imekwisha, majina yanapita. Watu wawili wamekufa, muuaji amesema "ndiyo", na ndani ya hiyo "ndiyo" hamna punje ya majuto. Alichokidai Ken Franklin mbele ya polisi ni hakimiliki.

Hata hivyo mtazamaji anazima televisheni akiwa ametulia, na utulivu huo unastahili kuulizwa umetoka wapi. Haukutoka kwenye kufumbua fumbo, maana katika Columbo fumbo halipo: muuaji anaonyeshwa tangu dakika za mwanzo, na anayetazama anajua kila kitu kabla ya luteni. Kinachosubiriwa ni mdomo wa muuaji ufunguke. Tamthilia nzima imejengwa juu ya imani kwamba uovu ukishatamkwa na mwenyewe, dunia inarudi mahali pake.

Umbo hilo ni kongwe kuliko televisheni. Katika Mwanzo, Mungu anamuuliza Kaini ndugu yake yuko wapi, na anamuuliza hali anajua. Hapo hapatafutwi habari. Anapewa mtu nafasi ya kusema. Kaini anaikataa kwa jeuri. Katika Qurani, sura ya Al-Maida, mwana wa Adamu aliyemuua nduguye anafundishwa na kunguru jinsi ya kuficha maiti, kisha anaingia katika wenye kujuta. Wafasiri wa karne nyingi hawakuliacha jambo hilo lipite bila maswali. Alijutia nini hasa? Kuua, au kuhangaika na mzigo wa maiti na kuona kwamba ndege kamshinda akili? Wengi wamesema majuto yale hayakuwa toba. Ken Franklin angewapa mfano wa pili.

Richard Levinson na William Link, waliombuni Columbo, walisema wazi kwamba luteni wao ana damu ya Porfiry Petrovich, ofisa mpelelezi katika riwaya ya Dostoyevsky ya 1866, Uhalifu na Adhabu, pamoja na damu ya Father Brown, padri mpelelezi wa G. K. Chesterton. Kwa hiyo nyuma ya koti la mvua yumo padri, na yumo pia mwandishi Mrusi aliyekula jela ya Siberia. Ila kuna kitu walichokiacha njiani. Raskolnikov, muuaji wa Dostoyevsky, anakwenda kituo cha polisi kukiri, na riwaya haiishii hapo. Anapelekwa Siberia, na huko, kwa muda mrefu, hajutii. Anaona alikosea hesabu tu. Kugeuka kwake kunakuja baadaye, katika kurasa za mwisho, na mwandishi anasema kabisa kwamba hiyo ni hadithi nyingine. Televisheni ilimchukua mpelelezi ikaiacha Siberia. Haina lawama: dakika zake ni 76, na katikati yake lazima sabuni itangazwe.

Dini zinazofuatwa Afrika Mashariki na Kati haziiachi Siberia. Mkatoliki aliyefunzwa vizuri katekisimu anajua kwamba kitubio kina majuto, kina ungamo, na kina malipizi. Padri akishasema neno la maondoleo bado kuna la kutenda. Imam Nawawi, katika Riyadh as-Salihin, kitabu kinachosomwa misikitini kuanzia Lamu hadi Kisangani, anahesabu masharti matatu ya toba: kuacha dhambi, kuijutia, na kuazimia kutoirudia milele. Kisha anaongeza la nne pale dhambi inapomgusa binadamu: haki irudi kwa mwenyewe. Kama ni mali, irejeshwe. Zakayo wa Injili ya Luka hakuungama kwa kirefu. Alisema atarudisha mara nne. Katika orodha zote hizo, tamko la mdomo ni sehemu ndogo, na kwa Nawawi halimo hata kwenye orodha.

Swali la nini kinachofuata baada ya "ndiyo, ni mimi" linaweza kujadiliwa popote. Bunia, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ina mafaili.

Mji huu, makao makuu ya mkoa wa Ituri, umepitiwa na vita vya 1999 hadi 2003 ambavyo mashirika yanakadiria viliua watu zaidi ya 50,000, na mauaji yalirudi wilayani Djugu kuanzia mwishoni mwa 2017. Upelelezi hapa hauna koti la mvua. Una meza, kalamu na PV, yaani hati ya maelezo ya anayehojiwa. Anayehojiwa mbele ya OPJ, ofisa wa polisi wa upelelezi, anaongea Kiswahili, au Kilendu, au Kihema, au Kialur kupitia kwa mtu wa kumsemea; karatasi inatoka kwa Kifaransa, swali kwa swali, jibu kwa jibu. Inasomwa, na chini inawekwa kauli ya desturi kwamba msemaji anashikilia maneno yake na anatia sahihi. Sahihi hiyo ndiyo "ndiyo" ya kisheria. Asiyejua kusoma anaweka kidole juu ya sentensi ambazo hajawahi kuzitamka kwa umbo lile. Na Kongo yenyewe ilitunga sheria ya tarehe 9 Julai 2011 inayofanya mateso kuwa kosa la jinai, jambo ambalo nchi haihangaiki nalo kama maungamo yake yote yanapatikana kwa maswali ya upole. Tangu tarehe 6 Mei 2021, Ituri na Kivu Kaskazini ziko chini ya hali ya dharura ya kijeshi, gavana ni jenerali, na kesi za jinai za raia zilihamishiwa kwenye mahakama za kijeshi.

Televisheni nayo iliingia. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, CPI kama inavyoitwa Bunia, ilipoanza kumhukumu Thomas Lubanga, kiongozi wa kundi lenye silaha la Ituri aliyeshitakiwa kwa kutumia watoto askari, huko The Hague tarehe 26 Januari 2009, ilifanya juhudi ya kuileta kesi nyumbani: redio zilitangaza, na muhtasari wa video ukaonyeshwa kwa watu wa Ituri. Ilikuwa kesi ya kwanza kabisa ya mahakama hiyo, na mshitakiwa ni mtu wa kwao. Aliyezoea tamthilia za polisi alikuwa na mengi ya kushangaa. Tamthilia inaishi kwa uso: kamera inasogea mpaka jasho la muuaji lionekane. Katika video za The Hague, shahidi aliyelindwa hana uso. Umefifishwa ukawa miraba miraba, sauti imepindishwa ikawa nzito kama ya mtu anayeongea ndani ya pipa, na jina ni namba.

Namba ya kwanza ilikuwa P-0298. Tarehe 28 Januari 2009 kijana huyo alieleza kwamba alichukuliwa na askari akitoka shule. Siku hiyohiyo, baada ya mapumziko, akayakana maneno yake: alisema yale hayakuwa yake, alifundishwa na watu wa shirika lililosema linasaidia watoto. Wiki mbili baadaye alirudi kizimbani na kusimulia upya kama mwanzo. Ipi ilikuwa kauli ya kweli? Columbo angegeuka mlangoni na kuuliza swali moja zaidi. Majaji walikaa na ushahidi huo miaka mitatu, wakachunguza jinsi watu wa kati walivyotumiwa na waendesha mashitaka kuwatafuta mashahidi Ituri, na katika hukumu ya tarehe 14 Machi 2012 wakaamua kutoutegemea ushahidi wake. Waliuweka kando pia ushahidi wa karibu wote walioitwa kama waliokuwa watoto askari.

Lubanga alipatikana na hatia vilevile. Sehemu ya kilichomtia hatiani ilikuwa video: tarehe 12 Februari 2003 alitembelea kambi ya mafunzo ya Rwampara, nje kidogo ya Bunia, amevaa sare, akawahutubia waliosajiliwa, na kamera ikapita juu ya safu ambamo baadhi walikuwa, bila haja ya kuuliza cheti, watoto wa chini ya miaka 15. Haikupigwa na mpelelezi. Ilipigwa na watu waliokuwa upande wake, waliodhani wanahifadhi kumbukumbu ya siku njema. Miaka 14 jela, na kutoka mwanzo hadi mwisho mhusika hakusema "ni mimi".

Kesi ya Bogoro ndiyo inayoligusa swali moja kwa moja. Bogoro iko kusini mwa Bunia, kwenye barabara inayoteremka kuelekea Kasenyi na Ziwa Albert. Alfajiri ya tarehe 24 Februari 2003 kijiji kilishambuliwa. Waliokimbilia majengo ya shule, Institut de Bogoro, waliuawa ndani ya madarasa. Washitakiwa wawili walipelekwa The Hague. Mnamo Januari 2012 majaji wenyewe walisafiri hadi Ituri, wakaikanyaga Bogoro, wakatazama barabara, vilima na umbali. Mmoja wa washitakiwa, Mathieu Ngudjolo, aliondolewa hatia tarehe 18 Desemba 2012, na majaji wakaandika kwamba kumwona mtu hana hatia kisheria si lazima kuwe na maana kwamba wanamwona hakutenda. Hakuna kituo cha televisheni ambacho kingekubali kumalizia kipindi kwa sentensi hiyo. Kwa mtu wa Bogoro aliyepoteza watoto, nayo ni sentensi ngumu ya kulala nayo usiku. Lakini ni ya uaminifu: mahakama inapima ushahidi, na moyo wa mtu hauingii kwenye mzani wake.

Wa pili, Germain Katanga, alitiwa hatiani tarehe 7 Machi 2014 kama msaidizi katika mauaji, shambulio dhidi ya raia, uharibifu na uporaji, na kupewa miaka 12. Ubakaji, utumwa wa kingono na matumizi ya watoto askari hayakuthibitishwa dhidi yake. Tarehe 25 Juni 2014 aliondoa rufaa yake, akasema anaikubali hukumu na anajuta kwa dhati kwa ajili ya wote walioumia kwa matendo yake, wakiwemo wa Bogoro. Siku hiyohiyo mwendesha mashitaka naye akaondoa rufaa yake, na makosa ambayo hayakuthibitishwa yakafungwa hapo. Mawakili wa waathirika hawakufurahi, na ni rahisi kuona kwa nini. Majuto yalikuja baada ya hukumu, yalikuja na faida, na waliohusika hasa hawakuwamo chumbani.

Faida ilikuwa na kipimo. Novemba 2015 majaji walipopitia upya kifungo, waliona mwenendo wake gerezani unaonyesha amejitenga kwa dhati na uhalifu aliohusika nao, wakampunguzia miaka 3 na miezi 8. Yaani majuto, kitu ambacho Nawawi anakiweka moyoni na katekisimu mbele ya Mungu, kiliingia kwenye hesabu za siku. Kuna watakaoona hapo kebehi. Lakini mahakama iliyo mbali na moyo wa mtu ina njia gani nyingine ya kulijibu neno "samahani"? Isipolipa chochote, nani atalisema? Ikililipa, nani ataliamini?

Fidia ndiyo iliyofika karibu zaidi na sharti la nne la Nawawi. Amri ya tarehe 24 Machi 2017 ilitambua waathirika 297, ikampa kila mmoja dola 250 za ishara, na juu yake misaada ya pamoja: nyumba, shughuli za kipato, ada za shule, msaada wa kisaikolojia. Hasara yote ilikadiriwa kuwa dola 3,752,620. Sehemu ya Katanga ikawekwa kuwa dola milioni 1, na kwa kuwa hana kitu, mfuko wa waathirika wa mahakama ukaombwa kubeba. Ukiisoma amri hiyo kwa jicho la mtazamaji wa tamthilia, kuna mambo mawili ya kushika. La kwanza, majaji hawakumwamuru Katanga aombe radhi. Walisema akitaka anaweza kuandika barua, kuomba msamaha hadharani, au kushiriki sherehe ya upatanisho. Walijua kwamba radhi ya kuamriwa ni PV nyingine tu.

La pili linastaajabisha zaidi. Walipoulizwa wanataka nini, waathirika wa Bogoro kwa sehemu kubwa walikataa minara ya kumbukumbu, walikataa sherehe, na walikataa kesi itangazwe. Walitaka vitu vinavyoshikika: paa, ng'ombe, shule. Miaka mingi mashirika na wanasheria waliamini kwamba haki ya Ituri lazima ionekane kwa macho. Kwa Bosco Ntaganda, mshitakiwa mwingine wa vita vya Ituri, mwaka 2015, majaji walipendekeza kesi ifunguliwe Bunia kwenyewe, kabla uongozi wa mahakama haujaamua ibaki The Hague. Nia ilikuwa njema. Ila walioishi Bogoro hawakuwa na hamu ya kumtazama muuaji kwenye kioo. Kioo hakina ng'ombe.

Na sharti la kutoirudia? Lubanga alimaliza kifungo chake chote, akatoka Machi 2020. Serikali ikamtumia katika ujumbe wa kuongea na wapiganaji wa CODECO, kundi jingine lenye silaha la Ituri, na Februari 2022 wapiganaji hao wakamshika mateka kwa wiki kadhaa. Mwaka 2025, akiwa Uganda, alitangaza vuguvugu jipya lenye silaha kwa ajili ya Ituri. Kisheria deni lake la 2012 limelipwa hadi siku ya mwisho. Mchungaji anayefundisha teolojia katika Chuo Kikuu cha Shalom cha Bunia, au sheikh anayesomesha jioni mjini humo, ana mfano wa darasani ambao asingeomba aupate: adhabu kamili isiyo na hata sharti moja la toba, ikitembea na miguu yake mwenyewe.

Haya yote, hata hivyo, ni habari za wauaji waliojulikana. Hao ni wachache. Kipindi cha 1971 kina mkia ambao hakuna aliyeuandika. Aliyeigiza Lilly La Sanka, mwenye duka aliyetupwa ziwani, alikuwa Barbara Colby. Usiku wa tarehe 24 Julai 1975, huko Venice, Los Angeles, alikuwa akitoka kwenye darasa la uigizaji pamoja na mwenzake James Kiernan. Walipigwa risasi walipokuwa wakielekea kwenye gari. Colby, mwenye miaka 36, alikufa. Kiernan alipata nafasi ya kuwaambia polisi kwamba hawajui waliowapiga wala sababu, kisha naye akafa. Hawakuibiwa. Wauaji hawajajulikana mpaka leo. Katika mji uleule wa luteni asiyeshindwa, mwanamke ambaye kifo chake cha kuigiza kilipata mkosaji kabla saa mbili hazijaisha, kifo chake cha kweli hakijapata.

Ituri ina wake. Tarehe 26 Aprili 2001, wafanyakazi sita wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, Wakongomani wanne, muuguzi wa Uswisi na mwanamume wa Kolombia, waliuawa barabarani karibu na Fataki, kaskazini mwa Bunia, katika magari yenye alama ya msalaba. CPI haiwezi hata kulifungua faili hilo: mamlaka yake yanaanzia tarehe 1 Julai 2002. Na hao walikuwa na shirika la dunia nzima nyuma yao. Waliouawa mashambani wiki hizo hizo walizikwa na majirani, kama walizikwa.

Hapo ndipo falsafa ya Columbo inapokatika mguu. Ikiwa haki ni mdomo wa muuaji, basi muuaji asiyejulikana ameshika ufunguo na ameondoka nao. Maandiko ya kale yalikuwa yameshafika kwenye tatizo hili. Kumbukumbu la Torati, sura ya 21, inazungumzia maiti iliyokutwa uwandani na aliyeua hajulikani. Wazee na waamuzi watoke, wapime umbali kutoka maiti ilipolala hadi miji ya jirani. Wazee wa mji ulio karibu zaidi wachukue mtamba ambaye hajafungwa nira, wampeleke kwenye bonde lenye maji yatiririkayo, wamvunje shingo, wanawe mikono juu yake na kutamka kwamba hawakuimwaga damu hiyo wala hawakuona. Hakuna anayekiri kitu. Wote wanasema "si sisi", na bado ni wao wanaotoka, wanaopima, wanaotoa mnyama.

Fiqhi nayo ina kasama: viapo 50 pale mtu anapokutwa ameuawa na kidole cha tuhuma hakina ushahidi. Hadithi mashuhuri ya mlango huo ni ya Abdullah bin Sahl, aliyekutwa ameuawa Khaybar. Ndugu zake hawakukubali kuapa kwa jambo wasiloliona, wala hawakuridhika na viapo vya upande wa pili. Mtume akatoa yeye ngamia 100 wa dia, damu isiende bure. Muuaji hakujulikana; deni lililipwa na asiyekuwa na deni.

Mantiki hii si ngeni Ituri. Baraza za wazee, barza kama zinavyoandikwa mashariki mwa Kongo, zimezoea kukaa juu ya ng'ombe walioibwa na watu waliouawa pasipo kumsubiri mwizi ajitokeze. Ukoo unasimama mahali pa mtu. Serikali nayo imeanza kuisogelea kwa njia yake: sheria ya Desemba 2022 iliunda Fonarev, mfuko wa taifa wa fidia kwa waathirika wa vita, unaopata sehemu ya mrabaha wa madini, nao haudai kwanza jina la aliyetenda. Mkoa unaochimbwa dhahabu tangu enzi za migodi ya Kilo-Moto una haki ya kuuliza ngamia wake ni wangapi na watafika lini.

Ugumu uko kwenye kamba ya kupimia. Torati inadhani kwamba wazee wako mjini, na kwamba mji uko mahali pake. Wilayani Djugu miji mingi imehamishwa zaidi ya mara moja. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2022 kambi ya wakimbizi wa ndani ya Plaine Savo ilishambuliwa na CODECO, na watu wapatao 60 wakauawa palepale walipokimbilia. Kati ya waliokuwemo walikuwepo wazee ambao, kwa kanuni ile, wangepaswa kutoka na kupima. Mhubiri anayetaka kuifundisha sura ya 21 huko Djugu atabidi kwanza aamue mji ulio karibu ni upi: ule uliobaki kwenye ramani, au turubai walimo wenyeji wake.